Mkono wa Kikombe

Watu wa mji huu wanapenda kusema kwamba bia nzuri ililetwa na vijana wenye ndevu. Waongo wakubwa. Bia nzuri ililetwa na wanawake waliokuwa wakikimbizwa na askari, mama yangu akiwa mbele yao na sufuria kichwani, na hizo ndevu wakati huo zilikuwa hazijaota.

Siku hizi kila kona ina kiwanda kidogo cha bia. Palipokuwa na karakana ya matairi pana matangi ya chuma yanayong'aa nyuma ya kioo. Palipokuwa na fundi wa majeneza, na hili sitanii, pana baa yenye viti virefu na ubao ulioandikwa kwa chaki: bia ya kahawa, bia ya tangawizi, bia iliyofukizwa moshi. Na hayo majina sasa! Machozi ya Mwenye Nyumba. Jumatatu Sitaki. Mkwe Kaja Bila Taarifa. Mtu anakaa na glasi moja jioni nzima, anainusa kama shingo ya mchumba, kisha anawaambia wenzake kwamba kwa mbali anasikia ganda la chungwa.

Zamani mji ulikuwa na bia ya aina moja, ya kampuni kubwa, chupa ya kijani, ladha ile ile harusini na matangani. Asiyeimudu alikuja uwanjani kwetu kunywa ya mtama kwenye kopo. Mama aliipika kwenye pipa lililokatwa, juu ya mawe, na pipa hilo ndilo lililotusomesha mimi na kaka yangu. Askari walikuja wakalipiga teke, wakamwaga kila kitu, wakatukana, kisha Jumapili wakarudi bila sare kuulizia kama kuna iliyobaki.

Kilichomtenga Mama na wapishi wengine ni ulimi. Alipiga funda moja akakwambia kimea kilianikwa siku ya mawingu, au kwamba aliyechuja alikuwa ametoka kumenya kitunguu. Wakamwita Mama Ulimi, na jina likamganda. Serikali ilipolegeza kamba na kuanza kutoa vibali kwa wapishi wadogo, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaani kununua tangi la chuma. Kaka akashika wateja na maneno matamu, mimi nikashika mapishi na usafi. Vijana wenye ndevu wakaanza kuja mmoja mmoja na bia zao kwenye chupa za soda. "Mama, tuonjee." Mkubwa wao, tuliyemwita Ndevu, alitemewa bia yake miguuni mara nyingi sana kabla hajajua kupika, na kila alipotemewa alisema asante.

Sheria ya kiwanda chetu ilikuwa moja tu: tangi halifunguliwi mpaka Mama aonje. Alikaa kwenye kiti chake uwanjani, akaletewa kikombe cha bati cha rangi ya bluu, akanywa. Kikombe kikiwa mdomoni mwake hakuna aliyeruhusiwa kufungua kinywa. Halafu alisema "Imeiva" au alisema "Bado." Akisema bado, hata wateja wawe wamejipanga mpaka barabarani, ni bado. Kaka alisaga meno, akaenda kuwaomba watu radhi, akarudi akiwa amenuna.

Kisha Mama akaugua. Homa ile ilimwachia uhai, ikaondoka na pua na ulimi.

Nilijua siku ya kwanza aliyorudi kitini. Nilimpelekea bia ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeionja na kuona imegeuka siki, nikasubiri anitemee. Hakutema. Alimeza, akanitazama usoni, akaendelea kunitazama kama mtoto aliyeulizwa swali darasani. Nikatikisa kichwa kidogo sana. "Bado," akasema kwa sauti ya kutikisa mabati. Tulipobaki wawili alinishika kifundo cha mkono mpaka kucha zikaingia.

"Ukimwambia mtu, umenizika."

"Nimwambie nani, Mama?"

"Hata kaka yako."

"Hasa kaka yangu," nikasema, tukacheka. Nilimpenda sana siku hiyo. Sikuwa na mume wala mtoto, nilikuwa na huyo mama, na sasa nilikuwa na siri yake.

Tukatengeneza alama. Kikombe cha bluu kilikuwa na mkono mmoja wa kukishikia, na mimi ndiye niliyekileta kwenye sinia. Nikiuweka mkono wa kikombe umwelekee yeye, bia imeiva. Nikiuweka umpe mgongo, bado. Hakuna kukonyezana, hakuna kukohoa, maana wapishi wa mji huu ni wambea na macho yao ni makali. Mkono wa kikombe tu. Mimi nilionja jikoni, Mama akasema uwanjani, na kwa muda wote huo hakuna bia mbovu iliyotoka getini kwetu. Ndevu na wenzake waliendelea kuja na chupa zao. Nilizipokea, nikazimimina jikoni, nikapiga funda langu, na Mama akatoa hukumu kwa madaha kiasi kwamba hata mimi nilikaribia kuamini.

Sasa nije kwa kaka yangu, na nitajitahidi kutomtukana.

Ile kampuni ya chupa ya kijani ilipoona wateja wanaihama kwenda kwenye viwanda vidogo, haikujifunza kupika. Ilijifunza kununua. Kiwanda kimoja baada ya kingine kikamezwa. Jina linabaki mlangoni, bia inapikwa huko kwao kwenye matangi marefu kama maghorofa, na baada ya muda bia zote zinaanza kufanana kama ndugu wa baba mmoja. Wakamjia kaka. Walimtumia bwana mmoja mpole, nadhifu, mwenye viatu visivyoshika vumbi. Kaka alimpenda kuliko alivyowahi kumpenda mkewe.

Tatizo lilikuwa moja: uwanja ni wa Mama, kiwanda ni cha Mama, na Mama hauzi.

"Mama, umri umekwenda," kaka alimwambia siku moja tukiwa mezani. "Pumzika. Wenzako wanalea wajukuu."

"Wajukuu wenyewe wako wapi? Mkeo anasema mimba itamharibia umbo."

Wifi yangu alicheka kwa meno ya mbele tu, kama kawaida yake.

"Nasema kweli, Mama. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watu wamekusifu mno. Uza ukiwa bado na jina."

Mama akaweka kijiko chini. "Sikiliza, wewe uliyeshindwa hata kutofautisha siki na divai. Siku ulimi huu ukifa, uzeni kila kitu mpaka kiti ninachokalia. Nitasema ndiyo mbele ya watu. Kabla ya siku hiyo, usiniletee tena huyo bwana wa viatu."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza, nikachelewa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kaka alimtazama mkewe, na mkewe akatazama sahani. Sikujua kwamba wiki ile ile Mama alikuwa amewatembelea kwao, akakaa jikoni akilipa jiko mgongo, akipiga soga huku maziwa yakifurika, yakiungua, harufu nzito ya kuungua ikijaa chumba kizima, naye anaendelea na hadithi yake bila hata kukunja pua. Haya nilisimuliwa na wifi mwenyewe baadaye. Alinisimulia akicheka.

Bia ya tangi jipya ilipokaribia kuwa tayari, kaka alialika watu. Aliwaita Ndevu na wapishi wote wa viwanda vidogo, wateja wa siku nyingi, na yule bwana wa viatu, ambaye alimketisha pembeni ya Mama kabisa. Jumamosi mchana, jua kali, uwanja umejaa, simu zimeinuliwa kupiga picha. Mama alikuwa amevaa gauni lake la zambarau. Alijua kupendeza, mama yangu.

Nilikwenda jikoni kumimina, nikamkuta kaka ameshikilia kikombe cha bluu.

"Leo nimemimina mwenyewe, dada. Wewe umechoka. Peleka tu."

Kando yake kulikuwa na jagi kubwa lililofunikwa. Nikabeba sinia. Nilipofika nyuma ya matangi, pasipo na mtu, nikainua kikombe puani. Yalikuwa maji ya suuza. Maji tuliyooshea tangi jingine asubuhi, yenye machicha na harufu ya sabuni, yametiwa rangi na povu la bia ya jana ili yapendeze. Hasira ilinipanda. Kuna watu huwatilia wazazi wao sumu wakatajwa magazetini. Huyu alimtilia mama yake uchafu ili watu wacheke, na magazeti hayana safu ya mambo kama hayo.

Lakini niseme ukweli, baada ya hasira nilifurahi. Kwa sababu alama ilikuwepo. Niliugeuza mkono wa kikombe umpe Mama mgongo, nikahakikisha mara mbili, nikatoka. Mama angesema "Bado," angeitema miguuni mwa kaka mbele ya mji mzima, na nani angethubutu tena kumwambia habari ya kuuza? Nilitembea kifua mbele.

Nikaweka sinia mezani. Wakati huo Ndevu alikuwa ameinama upande wa pili akimwamkia Mama, "Shikamoo, Mama Ulimi," naye amegeuka anamwitikia marahaba na kumuuliza habari za nyumbani. Yule bwana wa viatu, mtu aliyelelewa vizuri, akaona kikombe kimempa bibi mtu mzima mgongo. Akanyoosha vidole vyake safi, akakigeuza taratibu, mkono ukamwelekea Mama, ili asipate taabu kukishika. Akatabasamu kwa kutenda wema.

Nifanye nini? Nikisema, nimemuumbua. Nikinyamaza, anaumbuka.

Mama akageuka. Akautazama mkono wa kikombe, akanitazama mimi, na nikaona uso wake ukilegea kwa imani. Akakishika.

"Mama, subiri kidogo," nikasema.

Akanikata kwa jicho. Kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni, na sheria alikuwa ameiweka mwenyewe. Akapiga funda, akalizungusha mdomoni kwa ule urembo wake wa zamani, akameza, akapiga la pili.

"Imeiva," akasema. Na kwa kuwa watu ni wengi na yeye amependeza, akaongeza: "Tena niwaambie, tangu nianze kupika, hii ndiyo bora kuliko zote. Mwanangu, kimea hiki umekipatia wapi?"

Kaka alileta jagi, akalifunua, akawamiminia wageni. "Haya, jamani. Mama amepitisha. Onjeni wenyewe."

Ndevu ndiye aliyetema wa kwanza. Alitema kwa nguvu, funda likamrukia aliye mbele. Mwingine akanusa, akapiga kelele, "Jamani, si maji ya tangi haya? Yana sabuni!" Kwa kitambo kidogo watu hawakujua waweke wapi macho. Kisha mmoja nyuma akacheka, na kicheko ni kama kuhara, kikianza hakizuiliki. Walicheka watu aliowafundisha. Walicheka mpaka wakashikana mabega, na simu zilikuwa bado juu. Ndevu alijaribu kujizuia, nilimwona, akaziba mdomo na mkono wake, akashindwa.

"Miaka yote ile ananitemea!" akasema. "Kumbe!"

Mama hakumtazama Ndevu, wala hakumtazama mwanawe mwenye jagi. Aliniangalia mimi. Hakupepesa. Halafu akasimama, akashika kiti asianguke, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Uzeni." Akaingia ndani.

Nilimfuata chumbani. Alikuwa ameketi kitandani na gauni lake la zambarau, mgongo umenyooka.

"Uliuelekeza wapi mkono?"

"Nyuma, Mama. Haki ya Mungu, nyuma. Yule bwana ndiye aliyeugeuza."

"Bwana yupi?"

"Wa viatu. Aliona haujakaa vizuri, akaugeuza tu kwa adabu."

"Kwa adabu." Alilirudia neno hilo polepole. "Mgeni, asiyejua lolote, siku hiyo moja, kikombe hicho kimoja, akaugeuza kwa adabu."

"Ndiyo, Mama."

"Na kaka yako aliota usingizini kwamba sina ulimi?"

"Sijui alijuaje. Mimi sikumwambia."

"Siri walikuwa nayo watu wawili," Mama akasema. "Mmoja ni mimi. Sasa nihesabie huyo wa pili."

Nikalia. Nikapiga magoti, nikamshika miguu, akaivuta. Nikamkimbilia kaka, nikamkuta anapeana mikono na wageni, nikamvuta kwa shati mpaka chumbani kwa Mama. "Mwambie! Mwambie hukuambiwa na mimi!" Ilikuwa sentensi moja tu. Angeisema, asingepoteza kitu, kiwanda kilikuwa kimeshauzwa kwa neno la Mama mwenyewe. Alinitazama, akamtazama Mama, nikaona akipima. Kwani mama mwenye hasira na watoto wake wote wawili angebaki akimsumbua maisha yake yote. Mama mwenye hasira na mtoto mmoja ni mtu wa kuhamia kwa yule mwingine.

"Mama, mimi nilitaka upumzike tu," akasema kwa upole. "Hayo mengine muulize dada mwenyewe."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema ufanye nini kama nguo zenyewe ni mbili na mama yako amevua ile isiyo na chawa.

Kampuni ikanunua. Matangi yakabebwa, na mimi sikupewa hata ufagio wa kushika. Uwanja ukawekewa taa za rangi na picha kubwa ya Mama akiwa na kikombe, kwa sababu mji mzima ulikuwa umeiona ile video na kampuni haipotezi kitu. Baa moja ya vijana ikapika bia ikaiita Imeiva, na ilinyweka sana. Mimi nilipata kazi kwa Ndevu, sitaki kueleza jinsi alivyonipa, na ninaosha matangi huko mpaka leo.

Mama alihamia kwa kaka. Nilikwenda mara nyingi, wifi akaniambia getini kwamba amelala, ameenda kusali, anaoga. Mwanamke anaoga mchana kutwa! Siku moja nilikuta geti wazi na wifi yupo kwenye simu sebuleni, nikapita moja kwa moja mpaka chumba cha uani.

Alikuwa amekonda. Ameketi kwenye kigoda na sahani ya maharage mapajani, anakula peke yake. Nilisikia harufu kabla sijavuka mlango. Maharage yalikuwa yamechacha, si ya jana, ni ya siku kadhaa, yamefanya povu jeupe ukingoni mwa sahani na yanavutika kama kamasi. Ndipo nikaelewa jinsi alivyokuwa akilishwa humo. Hasikii ladha, hasikii harufu, kwa nini wifi ahangaike kupika au kutupa?

"Mama, usile hayo. Yameharibika."

Akainua uso. Alinitambua mara moja. Kisha akatazama sahani, akaichunguza, na kwa nukta moja nikaona wasiwasi umempita. Hakuwa na njia ya kujua. Ilibidi amwamini mtu.

"Yamechacha, Mama, nakuapia. Yana povu. Nipe nimwage, nikupeleke kwangu, nitakupikia mengine."

"Wifi yako kanipikia asubuhi hii," akasema.

"Si ya leo."

"Wewe ndiwe unayeniambia?"

"Mimi, Mama. Nani mwingine?"

Akachota kijiko, kikubwa, akakitia mdomoni huku ananitazama. Akatafuna taratibu, akameza. Akachota kingine. Nilinyoosha mkono kuichukua sahani, akaikumbatia kifuani, mchuzi ukamwagikia gauni, akaendelea kula hivyo hivyo kwa vidole. Alikula mpaka yakaisha, akafuta sahani, kisha akamwita mkamwana wake kwa sauti aje anitoe nje.